Sakafu ya Darasa la Tano

Nilifika kwao Chebet Alhamisi saa nne asubuhi, siku moja kabla ya kumzika, nikiwa na leso mpya na kilo mbili za sukari. Mke wa mjukuu wake, msichana ambaye hatukuwa tumewahi kuonana, alinipokea vizuri, akaniletea kiti cha plastiki na kukiweka chini ya turubai. Nikamwambia ningependa kuingia jikoni kusaidia, maana nilikuwa nimewaona wanawake wakipita na ndoo za maji na karai la mavi ya ng'ombe, nikajua wanataka kusiriba sakafu ya lile jiko la zamani kabla wageni hawajajaa. "Hapana, mama," akasema. "Wewe ni mgeni. Kaa tu, tutakuletea chai." Alisema kwa heshima, na hakuwa na kosa lolote. Lakini nilipokikalia kile kiti nilijiona nina miaka kumi na miwili tena, nimekaa nyuma ya darasa kwenye vumbi, nikitazama wenzangu wakisiriba sakafu ambayo mimi sikuwa na haki ya kuigusa.

Mchungaji alikuwa ametaka mtu mmoja aliyesoma na marehemu aseme maneno machache siku ya mazishi. Tulikuwa watatu tu aliotupata, na wale wengine wawili wakasema aseme Kemunto, yeye ndiye alikuwa rafiki yake. Nikakataa. Kushika kipaza sauti kunanitia hofu, hiyo ni kweli, lakini haikuwa sababu yenyewe. Sababu ni kwamba jambo la kwanza nililomfanyia Chebet lilikuwa jambo baya, na huwezi kusimama mbele ya jeneza la mtu ukasimulia urafiki wenu ukaanzia katikati. Kwa hiyo naliandika hapa lote. Shule yangu iliishia darasa la saba, msomaji anivumilie.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule ya kampuni, pale laini, safu za nyumba tulikoishi wachumaji wa chai, iliishia darasa la nne. Aliyetaka la tano ilimbidi avuke mto na kupanda ng'ambo kwenye mashamba ya wenyeji, upande wa barabara inayotoka Sotik kwenda Ndanai, ambako Wakipsigis walikuwa wamejenga shule yao kwa udongo na mabati. Mwaka huo tulikuwa watoto sita wa kuvuka, sote Wakisii. Usiku mmoja kabla shule hazijafunguliwa nilimsikia jirani yetu akimwambia baba, maana kuta za nyumba za laini hazikuwa na siri, "Wale watu hawatawataka watoto wetu." Baba alikuwa anakula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, na alimaliza kutafuna kwanza, kama kawaida yake. "Simpeleki atakwe," akasema. "Nampeleka asome." Maneno hayo niliyashika. Nilipovuka mto asubuhi ile nilikuwa nimeamua kwamba hata wakinitazama vipi, mimi nitakaa, nitasoma, nitarudi nyumbani.

Darasa la tano lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili yasiyo na mbao. Mbele kulikuwa na madawati manne ya kweli, na nyuma yake mbao zilizolazwa juu ya mawe. Sakafu ilikuwa ya udongo, na kwa sababu ya funza na vumbi ilibidi isiribwe kwa mavi ya ng'ombe kila Ijumaa alasiri. Kila mwanafunzi alileta ya kwao, amefunga kwenye jani la mgomba au amebeba kwenye kopo, na kila mmoja alisiriba pale anapokaa. Sakafu ikikauka ilikuwa ngumu na ya kijivu, na Jumatatu asubuhi chumba kilinuka vizuri, harufu ya boma na ya mvua. Nasema kila mmoja, lakini sisi wa laini hatukuwa na ng'ombe. Kampuni haikuruhusu mtu kufuga kitu kikubwa kuliko kuku. Ijumaa ya kwanza tulisimama ukutani mikono mitupu, na mvulana mmoja aliyeitwa Kiprono, ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na sauti kubwa kanisani, akatuuliza, "Na nyinyi watu wa laini mtapaka nini hapo chini? Majani ya chai?" Wakacheka mpaka wengine wakaketi.

Hakuna mwalimu aliyetutenga. Hilo nimelifikiria mara nyingi. Hakuna aliyesema Wakisii wakae nyuma. Ni kwamba aliyesiriba alikaa pake, na ambaye hakusiriba alikaa mahali ambapo hapakusiribwa, na mahali hapo palikuwa nyuma. Kufikia mwezi wa pili sehemu ile ilikuwa na jina. Waliiita Laini. "Nenda ukae Laini," mtu akikosea hesabu. Vumbi lilikuwa jingi hata daftari likianguka uliokota nusu yake ikiwa nyekundu. Funza walituingia vidoleni, na jioni mama alinitoa kwa pini mbele ya taa ya koroboi huku akisema hajui shule gani hii inayorudisha mtoto na wadudu. Nilikuwa naogopa akijua sababu atanikataza kwenda, kwa hiyo nilimwambia tunacheza mchangani. Kupitia dirisha la nyuma niliweza kuyaona mashamba ya kampuni ng'ambo ya mto, na wachumaji wamezama kifuani katika majani, na kwa kitambaa chake cha kichwa niliweza kumtambua mama. Nilikuwa namtazama, kisha natazama ubao.

Muhula wa pili aliletwa mwalimu mpya, Mwalimu Truphena, mwanamke Mmaragoli, mfupi, mwenye viatu vya raba vyeupe alivyovipaka chaki. Naye alikuwa mgeni kama sisi, akiishi katika chumba kimoja nyuma ya duka karibu na shule. Siku ya kwanza alituona tulivyokaa, akauliza kwa nini nyuma kuna vumbi. Akaamuru tuchanganyike. Tukachanganyika. Wakati wa mapumziko kila mtu akarudi kwake, na tuliporudi ndani akachapa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwishowe walikubali kukaa nasi, lakini walijivuta pembeni mpaka mtu wa mwisho kwenye ubao alikuwa ananing'inia, na njiani kwenda nyumbani tulilipia zile fimbo zote. "Mwalimu wenu yuko wapi?" Kiprono alikuwa anauliza akitutupia vibonge vya udongo. "Mwiteni basi, aje awachagulie kiti hapa pia!" Baada ya wiki moja sisi wenyewe tulirudi Laini, bila kuambiwa.

Chebet alikuja wiki mbili baadaye. Mama yake alikuwa wa hapo, na baba yake alikuwa Muhindi mwenye duka Sotik, akafunga duka na kuondoka nchini. Chebet alikuwa amesoma Kericho, katika shule ya watoto wa Wahindi, na baba alipoondoka akaletwa kwa nyanya yake, ambaye sote tulikuja kumwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Alikuwa na nywele ndefu zilizosukwa mkia mmoja, ngozi ya rangi ya chai ya maziwa, na sare mpya iliyomzidi. Mwalimu alimsimamisha mbele na kumshika bega. "Huyu ni Chebet," akasema. "Mnaona baba yake alikuwa Muhindi, lakini ni mtu kama nyinyi. Msimbague." Mpaka hapo pengine nusu ya darasa haikuwa imemtazama sana. Sasa wote walimtazama. Hakuna aliyemsogezea ubao, naye akatembea mpaka nyuma, akakaa karibu yangu, kwenye vumbi. Aliitwa Chebet kwao, lakini toka siku ile darasani aliitwa Muhindi, hata na sisi wa laini.

Yeye alikuwa na ng'ombe. Ndiyo iliyokuwa ajabu. Ijumaa yake ya kwanza alikuja na karai zima, akachanganya na majivu na maji, akapiga magoti na kusiriba pake kwa kiganja, mistari ya nusu duara, vizuri kuliko wengi. Karai lilikuwa halijaisha. Akanitazama, akasogeza magoti, akaanza kusiriba pangu. Hakuniomba ruhusa. Nilimwona mtu ananitengenezea mahali kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Halafu Kiprono akaona. "Haiya! Tazameni! Muhindi anapakia Mkisii nyumba!" Darasa lote likageuka.

Nilifanya hivi. Niliteka vumbi kwa mikono miwili nikalimwaga juu ya pale aliposiriba pakiwa bado pabichi, nikasema kwa sauti, "Sitaki mavi ya Muhindi."

Walicheka. Walicheka kuliko siku ile ya majani ya chai, Kiprono akapiga ubao kwa mikono, na nikagundua kwamba safari hii walikuwa wanacheka nami. Naandika ukweli: kilikuwa kicheko kitamu. Sijawahi kunywa pombe, lakini nafikiri wanywaji wanasikia hivyo. Chebet alibaki amepiga magoti, mkono wake umejaa, akitazama lile vumbi. Kisha akanawa mikono katika maji yaliyobaki, akachukua karai lake, akatoka. Jumatatu hakuja. Jumatatu hiyo hiyo wasichana wa ubao wa pili walinisogezea nafasi, mmoja akasema, "Kemunto, kuja hapa," na nikaenda. Nilikaa juu ya sakafu iliyosiribwa. Wenzangu watano wa laini walinitazama kutoka nyuma, na sikugeuka.

Kila asubuhi Mwalimu Truphena aliita majina, na alipofika kwa Chebet aliita mara moja, akangoja. Alingoja muda mrefu mpaka ulisikia kuku wa mwalimu mkuu nje. Kisha akaendelea. Hakuuliza chochote, wala hakumchapa mtu. Ilipofika Ijumaa, tulipokuwa tunasiriba, alivua viatu vyake vyeupe, akafunga leso juu ya gauni lake la shule, akaenda nyuma pale Chebet alipokuwa akikaa, akapiga magoti. Alikuwa amekuja na mavi ya ng'ombe katika debe, sijui aliyaomba kwa nani. Alisiriba pale mahali patupu, polepole, hakuwa na ujuzi, na tope likampanda mpaka kwenye viwiko. Sisi hatukuwa tumewahi kumwona mwalimu akipiga magoti isipokuwa kwa maombi. Hakuna aliyecheka. Ijumaa iliyofuata alifanya tena. Mahali pa Chebet palikuwa pamesiribwa mara mbili na hapakuwa na mtu wa kupakalia, na mimi kutoka mbele nilikuwa nasikia pale mahali mgongoni kama unavyosikia jua.

Ijumaa ile ya pili nilibaki nyuma wengine walipoondoka. Alikuwa ananawa kwenye pipa la maji ya mvua.

"Mwalimu, ni mimi nilifanya."

"Najua. Nilikuwa mlangoni."

"Mbona hukunichapa?"

"Nilichapa watu wiki nzima kwa sababu ya viti. Uliona walikaa?" Alikuwa anasugua kucha zake. "Na mimi niko na langu, Kemunto. Nilimsimamisha mbele nikamwombea msamaha kwa kuzaliwa. Mtoto mgeni, ananitumaini, nikamfanya hivyo. Nimeenda kwao, nikamwambia hilo langu. Lako siwezi kulibeba."

Nikamwambia basi twende pamoja, anisaidie kusema. Akakataa. "Nikienda na wewe atarudi kwa sababu ya mwalimu," akasema. "Halafu mwalimu akihamishwa?"

Jumamosi nilienda peke yangu. Ni mwendo wa saa moja na nusu, na mara tatu nilisimama nikitaka kurudi. Kwa Kogo kulikuwa na nyumba ya nyasi ya mviringo, sakafu yake imesiribwa ikawa laini kama sahani, na vibuyu vya mursik, maziwa yao ya kuganda, vimening'inizwa ukutani. Kogo alinikaribisha bila kuniuliza shida yangu, akapita nyuma ya kile kiambaza chembamba kinachogawanya nyumba. Kufikia wakati huo nilikuwa najua Kikipsigis cha kutosha, maana ukitukanwa kwa lugha miezi sita unaijifunza. Nilimsikia akinong'ona, "Ndiye huyu aliyeyakataa mavi yetu?"

"Ndiye, Kogo," ikawa sauti ya Chebet.

"Amekula?"

"Hajala."

"Basi ale kwanza."

Akaja na kimyet, huo ugali wao mgumu, na mboga isagek, na akanimiminia mursik kutoka kibuyuni, yenye vidoa vya masizi. Niliitambua mboga mara moja. Ilikuwa chinsaga ileile ya mama yangu, ila wao waliipika kwa maziwa mengi. "Kunywa masiwa," Kogo akaniambia kwa Kiswahili chake. "Maneno inakuja nyuma." Nilikula nikimaliza kila tonge kwa shida. Sijawahi kuadhibiwa kwa namna ile tena maishani.

Kisha akatuacha na Chebet. Alikaa ng'ambo ya moto, mkia wake wa nywele mbele ya bega.

"Umetumwa?"

"Hapana. Mwalimu alikataa kuja."

"Kwa nini ulisema vile?"

Nilikuwa nimetunga majibu matatu njiani. Yote yalikuwa ya uongo, na pale kwenye ule moshi hakuna lililokuja. "Kwa sababu walicheka," nikasema. "Walikuwa hawajawahi kucheka pamoja na mimi."

"Kule Kericho waliniita Mwafrika," akasema. "Hapa naitwa Muhindi. Na nikija kwenu laini nitaitwa nani?"

"Sijui." Kisha nikasema, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, "Pengine hivyo hivyo."

Nafikiri jibu hilo ndilo lililomfanya aendelee kuzungumza nami. Alisema atarudi, kwa sharti moja: niyaseme yale maneno mbele ya darasa vile nilivyoyasema, kisha niseme kwa nini niliyasema. Ningeweza kumwomba msamaha pale pale mara kumi, nikalia, na ingekuwa rahisi. Alilotaka lingenigharimu ule ubao wa pili, nafasi niliyoinunua kwa kumuuza yeye, na sote wawili tulijua. Kama ningekataa, hangerudi, na Kogo alikuwa ameshaanza kusema mjukuu wake afunzwe ushonaji, shule basi. Nikakubali. Kogo akatusindikiza mpaka bomani. Alionyesha kwa fimbo ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda. "Ijumaa pitia hapa," akasema. "Huyu ni yako siku ya Ijumaa. Basi usiseme tena huna ng'ombe."

Ijumaa hiyo niliondoka nyumbani nyota zikiwa bado juu. Chebet na mimi tulilibeba karai pamoja, kila mmoja ameshika ukingo mmoja, na kwa sababu alikuwa mrefu kuliko mimi upande wangu ulikuwa unamwagika. Watu waliokuwa wakipeleka maziwa barabarani walisimama kututazama. Alasiri ilipofika, wengine walipoanza kufungua majani yao ya mgomba, nilitoka ubao wa pili nikasimama katikati. Niliwaza jambo moja tu, kumaliza. Nikasema, "Siku ile nilisema sitaki mavi ya Muhindi. Nilisema hivyo ndiyo nyinyi mcheke, mniite nikae mbele. Mlicheka, mkaniita. Chebet alikuwa ananitengenezea mahali na nyinyi hamkunitengenezea." Kisha sikuwa na kingine. Nikaenda nyuma, nikapiga magoti, nikasiriba mahali pa Chebet.

"Ameolewa na Muhindi huyu!" Kiprono akasema. Wachache walicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Na mimi niligundua kwamba kilikuwa hakiniumizi tena kama zamani, kwa kuwa nilikuwa nimeshakionja upande wa pili.

Mwalimu Truphena alikuwa amesimama kando ya ubao. Aliingia katikati na kusema kwamba toka siku ile hakuna mtu wa darasa la tano atakayesiriba mahali anapokaa. Mavi yote yaletwe mlangoni, yamwagwe pamoja, fungu moja, asiyekuwa na ng'ombe alete maji au majivu, na kila mtu asiribe mahali pa mwenzake atakayetajiwa. "Na wewe, mwalimu?" mmoja akauliza. "Na mimi," akasema, "na mtu mmoja atanisiribia mimi hapa mbele, asiponifanyia vizuri nitateleza niwaangukie." Hapo tulicheka sote. Ijumaa hiyo Kiprono alitajiwa mahali pa mvulana mdogo kabisa wa laini. Alisiriba vibaya makusudi, akaacha mashimo. Jumatatu yule mvulana, aliyekuwa ametajiwa mahali pa Kiprono, alikuwa amempa sakafu laini kuliko zote, na Kiprono alikaa juu yake asubuhi nzima.

Wiki iliyofuata baba yake Kiprono alikuja shuleni na fimbo yake, akasimama mlangoni wakati wa somo. Alitaka kujua ni sheria gani inamfanya mwanawe awe boi wa watu wa laini. Mwalimu aliweka chaki chini. "Shikamoo mzee," akasema. "Naomba nikuulize. Kanisani, ile benchi unayokalia, ni wewe uliifuta vumbi?"

"Hapana. Ni wale akina mama wa zamu."

"Na wao wanakaa benchi hiyo yenu?"

"Wanakaa pote."

"Basi hapa ni hivyo. Ni zamu."

Mzee hakushindwa, nisiwadanganye. Alimtoa Kiprono shuleni siku kumi. Mwalimu aliliita jina la Kiprono kila asubuhi na kungoja vilevile alivyokuwa akilingoja la Chebet, na Ijumaa akatutajia mahali pake kama mahali pa mtu mwingine yeyote. Zamu iliniangukia mimi. Nilisiriba vizuri. Sikumpenda, lakini nilisiriba vizuri, na huo ndio uliokuwa mpango wenyewe, kwamba haukungoja upendane kwanza. Alirudi siku ya kumi na moja, akatazama pale chini, akauliza ni nani, akaambiwa. Toka hapo hakunirushia udongo tena. Kufikia mwisho wa mwaka neno Laini lilikuwa limekufa darasani, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ilianzia wapi. Funza walipungua, na mama akasema afadhali tumeacha kucheza mchangani.

Sitasema sakafu ile iliponya nchi. Miaka mingi baadaye mpaka ule wa Wakisii na Wakipsigis ulichafuka na nyumba zikachomwa pande zote mbili, na baadhi ya waliochoma walikuwa wamesoma shuleni humo, madarasa mengine, wakati sakafu zilikuwa zimeshawekwa saruji na kila mtu anakaa anapotaka. Nasema tu lile nililoliona. Watoto arobaini na kitu walikaa mpaka mwisho wa mwaka juu ya kazi ya mikono ya wenzao, na sijasikia hata mmoja wa darasa letu aliyeinua moto juu ya mwingine. Chebet alifundisha watoto wadogo miaka thelathini, na kila mtoto aliyekuja kwake alikabidhiwa siku ya kwanza kikombe cha mwenzake akioshe. Mimi nilichuma chai. Kila mwaka, siku moja ya mwezi wa nane, nilikuja kwake na hatukuzungumzia jambo hili kamwe, maana lilikuwa limeisha. Ila aliniweka kila mara pale pale jikoni, kulia kwa moto, yeye kushoto.

Kwa hiyo nilipokuwa nimekalia kile kiti cha plastiki, mgeni, niliimaliza chai yangu kwa adabu. Kisha nikakunja mikono ya sweta, nikaingia jikoni. Yule msichana akaja mbio. "Lakini mama, nimekuambia..." Nikamwambia, "Binti yangu, najua. Ila kuna mahali pamoja humu ni zamu yangu." Wanawake wakanisogezea karai. Mavi yalikuwa yamebaki kidogo, hayatoshi, na mmoja akatoka kutafuta mengine. Mlango ukawa giza. Alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye koti, amebeba ndoo kwa mikono miwili, mzee wa umri wake hata hapaswi kuonekana na kazi hiyo. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Ni ya kwangu, ya leo asubuhi," Kiprono akasema. "Mwaga pamoja na hiyo ingine." Akaiweka chini, akavua kofia, akabaki hapo mlangoni.

Nikaimwaga. Nikaongeza majivu na maji, nikakoroga mpaka usingeweza kujua yapi yalitoka boma gani. Kisha nikapiga magoti, kwa shida, upande wa kushoto wa moto.